Mtaka trauti wa mvunguni

Haya ni maneno niliyowaambia wanachama wapya wa kikundi chetu cha wavuvi wa mshipi, tukiwa kando ya mto Thego, kaunti ya Nyeri. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema. Nimeondoa tu mahali nilipokohoa.

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo. Nanyi mlioondoka Nairobi kabla ya jogoo kuwika, poleni na barabara. Chai iko, mandazi yako, na mto uko pale pale tulipouacha. Kaeni kwanza.

Nimeombwa niseme namna ya kumpata trauti mkubwa, yule samaki wa maji baridi ya mlimani, katika mto wetu huu. Juzi kijana mmoja alinipigia simu, na yupo hapa kwa hiyo sitamtaja, akaniuliza, "Mzee, nitumie nzi gani?" Nami nikamwuliza, "Magoti yako yana afya?" Akanyamaza. Nafikiri alidhani mtandao umepotea.

Simlaumu. Ukiingia duka la vifaa utauziwa nzi wa bandia mia, yaani ndoano zilizovikwa manyoya na nyuzi zifanane na wadudu, kila mmoja na jina lake, na kila jina na bei yake. Hakuna duka linalouza magoti. Lakini tangu niwe na miaka kumi na sita natembea kando ya mito hii, na trauti wakubwa nilioshindwa kuwapata, karibu wote nilishindwa kabla sijatupa ndoano. Walishaniona. Au sikuwa mahali walipo, nikashinda siku nzima nikivua vizuri sana kwenye maji yasiyokuwa na kitu.

Tukubaliane kwanza mkubwa ni yupi. Hapa Thego, na hata ukienda mito ya Sagana au Ragati, samaki wa kawaida utakayemtoa ana sentimita 20 hadi 25. Ukimpata wa 40, piga simu nyumbani. Wa 50 utamsimulia mpaka wajukuu wachoke. Sasa watu hudhani kwamba wa sentimita 50 ni mara mbili ya yule wa 25. Si mara mbili. Samaki akirefuka anapanuka na kunenepa pia, kwa hiyo uzito wake ni kama mara nane. Yule mdogo ana gramu 170 hivi, anatosha mtu mmoja kwa kiamshakinywa. Yule mkubwa anakaribia kilo moja na nusu.

Mwili wa namna hiyo haushibi kwa visubi vinavyoelea juu ya maji. Unataka kaa wa mtoni, unataka samaki wadogo, wakiwemo watoto wa trauti wenyewe. Na mwenye mwili huo hawezi kusimama katikati ya mkondo mkali akipiga mkia kutwa, maana atatumia nguvu kuliko anachoingiza tumboni. Mfikirieni kama mwenye duka mzee. Haondoki kwenye kiti chake ovyo, na kiti chenyewe amekiweka mahali ambapo kila kinachopita barabarani kinapita mbele yake.

Kuna mtu atawaonyesha kwenye simu picha ya trauti wa karibu kilo 22 aliyevuliwa Kanada mwaka 2009, katika ziwa Diefenbaker. Ni kweli, alivuliwa. Lakini yule alikuwa wa kufugwa, katoroka kizimbani, tena wa aina isiyozaa, kwa hiyo alichokula chote kilikwenda kwenye mwili badala ya mayai. Msije Nyeri mkimtafuta ndugu yake.

Samaki huyu mwenyewe, trauti wa upinde wa mvua, ni mgeni kwetu, na ugeni wake unatusaidia kumwelewa. Kwao ni mito inayomwaga maji katika bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika Kaskazini na ule wa Kamchatka kule Urusi. Trauti wa kwanza kuletwa Kenya walikuwa wa kahawia, mwaka 1905, kutoka Loch Leven huko Uskoti. Aliyewaleta ni mlowezi Ewart Grogan, na walitiwa mto Gura, kule Aberdare. Huyu wa upinde wa mvua, mwenye ubavu wa waridi, alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuzalishia vifaranga vyake hapa Kiganjo, mwendo mfupi tu kutoka tulipo. Wazee wetu waliwaona wazungu wakisimama majini na vijiti virefu wakadhani ni aina ya ugonjwa.

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumkubali. Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki, na kwake yeye samaki alikuwa jamaa wa nyoka. Nilipomletea trauti wangu wa kwanza alinipa sufuria kuukuu, akaniambia nikapikie nyuma ya zizi la mbuzi, na sufuria isirudi ndani. Ilikaa kule miaka mingi.

Basi mgeni huyu alikuja na mahitaji ya kwao: maji baridi yenye hewa nyingi. Maji yakiwa baina ya nyuzi 10 na 16 anakula kwa raha. Yakipita 20 anachoka, na yakikaribia 25 anakufa. Ndiyo maana anaishi mlimani na hutamkuta Garissa, ingawa maji haya haya ya Thego yanaingia Sagana, na Sagana ndiyo Tana, na Tana inapita Garissa. Nunueni kipimajoto, mkifunge kwa uzi, mkitumbukize kabla hamjafunga ndoano. Ni kitu cha bei ndogo na kitawaambia mengi kuliko mimi.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Wakisikia anapenda maji baridi, wanapanda. Wanaingia msituni, wanapita geti, wanakwenda mpaka mianzi, wanafika kwenye maji ambayo ukitia mkono unauma. Samaki wapo, tena wengi, tena wana njaa. Utatoa kumi na tano kwa asubuhi moja na wote watakuwa urefu wa kiganja. Kule juu maji ni baridi mno, chakula ni haba, na midomo ni mingi. Wengine ni wazee kabisa na hawatakua zaidi ya hapo.

Telemkeni. Kadiri mto unavyoshuka kutoka msituni na kuingia mashambani, maji yanapata joto kidogo, wadudu wanaongezeka, kaa wanaongezeka, na trauti wanapungua idadi na kuongezeka mwili. Ukishuka mno joto linamshinda naye anaisha kabisa. Katikati ya hapo kuna kipande, hapa kwetu kinaanzia kama pale msitu unapoishia, ambapo unaweza kuvua saa tatu usiguswe na chochote, halafu ukaguswa na kitu kinachokutetemesha mikono. Kipande hicho kinataka mtu asiyependa kuhesabu samaki. Ukitaka kuhesabu, panda juu.

Kule mashambani mto una wenyewe pande zote mbili. Bisha hodi. Leseni ya uvuvi mliyokata inakuruhusu kumvua samaki, haikuruhusu kukanyaga kabichi za mtu.

Sasa umefika kwenye kipande hicho. Utamtafuta wapi? Mimi nafuata povu. Pale maji yanapoanguka juu ya mawe yanatoa povu, na povu hilo linajipanga mstari na kushuka na mkondo. Chochote kinachoelea, mdudu, mbegu, panzi aliyeanguka, kinabebwa kwenye mstari huo huo. Ukiuona mstari wa povu unapita karibu na maji yaliyotulia, chunguza pale zinapopakana, maji yanayokimbia na maji yanayolala. Samaki mwenye akili analaza mwili upande uliotulia na kutoa kichwa upande unaokimbia. Anakula bila kutoka jasho, kama samaki angekuwa na jasho.

Lakini hapo utampata wa kati. Mkubwa anataka kitu kimoja zaidi: dari. Juu yake wapo ndege, yupo fisi maji, na wapo watu. Kwa hiyo anatafuta jiwe lililoinama, gogo lililoanguka, daraja, au hasa ule ukingo ambao maji yameula chini kwa chini mpaka nyasi na mizizi vimebaki vikining'inia. Mimi nauita mvungu. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sijui kama waliwahi kuvua trauti, ila walikijua kitu.

Kuna mvungu mmoja hapa, mita mia mbili chini ya daraja, kwenye mkuyu. Mto unapiga kona, mkondo unasukumwa kwenye ukingo wa upande wa pili, na mizizi ya mkuyu imeshika udongo wa juu huku wa chini umekwishaliwa. Ukilala kifudifudi na kuingiza mkono, unaingia mpaka begani na hugusi nyuma. Nimejaribu wakati wa kiangazi. Povu lote la kilindi kile linapita nusu mita kutoka kwenye mizizi. Ukiangalia kwa haraka unaona maji meusi tu.

Aliyenionyesha mahali pale alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa mto, wa kuwakamata wavuvi wasio na leseni. Mimi nilikuwa mmoja wa aliowakamata, na hivyo ndivyo tulivyofahamiana. Badala ya kunipeleka ofisini alinifanya mbeba chai wake, na baada ya miaka miwili akanipeleka mtoni. Tulipokaribia mkuyu alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea kama mtu anayepita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Kisha akaketi nyuma ya kichaka. Akavuta sigara ya kwanza, akavuta ya pili. Mimi nilikuwa kijana, nikaanza kucheka. Akanishika shingo, akanigeuza uso, akaniambia, "Tazama chini ya mzizi wa tatu. Usitafute samaki. Tafuta kitu cheupe."

Nikatazama. Mizizi, maji, kivuli. Nikatazama tena. Halafu mle gizani kitu cheupe kikafunguka na kufunga, upana wa vidole viwili, kama jicho linalopepesa. Kikatulia. Kikafunguka tena. Ulikuwa ni mdomo. Samaki mzima alikuwa mweusi kama mzizi wenyewe, na nisingemwona maisha yangu yote, lakini kila alipopokea kitu ndani ya kinywa, weupe wa kinywa ulimsaliti. Baada ya kuuona mdomo nikaanza kuona mkia, mbali sana na mahali nilipodhani mkia ungekuwa.

Nilisimama. Kwa furaha tu, nikasimama. Mdomo haukufunguka tena siku ile, na mzee alivaa viatu vyake bila kusema neno.

Kwa nini kusimama kulitosha? Hapa nitawachosha kidogo na hesabu, lakini hesabu hii imenipa samaki wengi kuliko nzi wote walio kwenye kofia yangu. Mwanga ukiingia majini unapinda. Kwa sababu hiyo samaki akitazama juu, dunia yote iliyo nje ya maji inamjia kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, kama mtu aliye kisimani. Nje ya duara, uso wa maji kwake ni kioo, anaona sakafu ya mto ikijirudia. Upana wa duara ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alichopo. Akiwa mita moja chini, duara lake lina mita mbili na robo hivi. Akiwa sentimita 30 chini, halifiki hata sentimita 70, na ndiyo maana aliye juu juu unaweza kumpitishia mshipi karibu asiuone.

Utasema, basi pembeni haoni. Anaona. Vitu vya pembeni vinabanwa vyote kwenye ukingo wa duara, vinakuwa vifupi na vyenye ukungu. Kitu kilicho chini sana kinabanwa mpaka kinapotea. Wavuvi wanakadiria kwamba ukibaki chini ya pembe ya nyuzi 10 kutoka usawa wa maji, kwake wewe ni kama haupo. Geuzeni hiyo iwe miguu na magoti. Ukiwa mita 10 kutoka kwake, unaweza kuwa na kimo cha mita moja na robo tatu: yaani mtu wa kawaida akisimama wima, yuko mpakani. Ukiwa mita 6, umebakiwa na mita moja tu. Piga magoti. Ukiwa mita 4, una sentimita 70, na hapo mwenye kitambi atanielewa ninaposema kuna samaki wanaotaka ulale.

Kumbukeni pia kwamba kingo ina kimo chake. Ukisimama juu ya ukingo wa mita moja, umeongeza mita moja kwenye urefu wako. Mzungu mmoja niliyemwongoza miaka ya nyuma, mtu mpole kabisa, alikuwa na fimbo ya gharama kubwa na alipenda kupanda juu ya jiwe refu ili apate nafasi ya kutupa. Aliona mto mzima kutoka pale juu. Na mto mzima ulimwona.

Jambo jingine, trauti analala akiwa ameelekeza kichwa upande maji yanakotoka. Macho yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo nyuma yake kuna sehemu haoni. Njoo kutoka chini, ukipanda. Pita polepole kwenye mkia wa kilindi, pale maji yanapoanza kuwa na kina kifupi kabla ya kumwagika, kwa sababu hapo wanakaa wadogo, na mdogo akishtuka anakimbilia juu, moja kwa moja mbele ya pua ya mkubwa. Mkubwa hahitaji kukuona wewe. Akiona watoto wanakimbia anajua. Mara nyingi nalazimika kukaa na kusubiri wadogo watulie, na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa yule mzee na sigara zake mbili.

Kuongea mnaweza. Sauti ya mdomo haiingii majini kwa urahisi. Kishindo cha mguu kinaingia, na ubavuni mwa samaki kuna mstari wa kuhisi mtikisiko. Pigeni soga mpendavyo, ila mkanyage kama wezi.

Wakati. Mto wetu una rangi tatu, na kila rangi ina habari yake. Masika yakikolea, Aprili na Mei, na tena vuli ikikaza Novemba, maji yanakuwa chai ya maziwa. Rudini nyumbani mkapalilie. Mvua ikikatika, siku mbili tatu baadaye, yanageuka strungi, chai isiyo na maziwa: unaona mpaka magotini na zaidi ya hapo huoni. Hiyo ndiyo siku. Mkubwa ameshinda na njaa, mto umemletea kila aina ya mdudu na nyungunyungu kutoka mashambani, na ule ukungu wa maji unamfanya jasiri, anatoka mvunguni mchana kweupe. Halafu kiangazi, Januari na Februari, maji yanakuwa kama ya glasi, unahesabu kokoto. Hapo naye anakuhesabu vifungo vya shati. Kiangazi ni cha alfajiri na magharibi tu, na ni cha mshipi mwembamba.

Kuna jioni moja ambayo siwezi kuwapangia tarehe. Ni ile mvua ya kwanza inapopiga ardhi kavu na kumbikumbi wanatoka. Mnajua wanavyotoka, taa zote za mtaa zinazingirwa na watoto wanaokota kwa bakuli. Wanaoangukia mtoni mabawa yanawalowa, wanaelea tu. Nimewahi kuona, jioni kama hiyo, samaki wakubwa wanne kwenye kilindi ambacho kwa miaka sita nilikuwa nimeapa kina samaki mmoja. Walikuwa wamepanga foleni kwenye povu kama watu wa benki. Nilikuwa narudi kutoka sokoni na sukari mkononi, sina fimbo. Hilo nalo ni fundisho, lakini sijui ni la nini.

Kuhusu magharibi, sharti niseme jambo zito. Mkubwa anakula sana giza linapoingia, na giza likiingia msituni ndio wakati wa nyati na tembo kushuka kunywa. Wavuvi wanaosahau hili huwa hawapati nafasi ya kusahau mara ya pili. Ndani ya msitu tunatoka saa kumi na moja, hata kama samaki wanaruka kwenye mfuko, na tukiingia kichakani tunapiga mluzi kwanza. Kuvua mpaka nyota zitoke kunafanyika huku chini mashambani, ambako kitu kikali zaidi ni mbwa wa mwenye shamba. Bahati yetu ni kwamba huku chini ndiko mkubwa mwenyewe aliko.

Haya, nzi. Kijana wangu usidhani nimekusahau. Chukua wawili. Mmoja mzito, mweusi au wa rangi ya udongo, unaozama mpaka ukaribie kugusa chini, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake trauti anakula chini na si juu. Ule wa zamani unaoitwa Kenya Bug, mweusi, bado unafanya kazi yake. Wa pili awe mkubwa kidogo, mwenye manyoya marefu, wa kuigiza kisamaki au kaa, wa kuburuta kwa mapigo mafupi jioni. Kosa linaloonekana kwangu kila wiki ni nzi kwenda haraka kuliko maji. Maji ya chini yanakwenda taratibu kuliko ya juu, na mshipi ukiwa umelala juu unambeba nzi kwa kasi ambayo hakuna mdudu hai anayo. Mkubwa ameyaona hayo tangu akiwa sawa na kidole. Tupa juu zaidi, mpe nafasi ya kuzama, inua fimbo ili mshipi usilale majini. Na tupo la kwanza ndilo lenye thamani. La pili lina nusu, la tano ni mazoezi.

Akishika, msiwe na mshipi dhaifu wala fundo baya. Wa kwangu wa kwanza mkubwa nilimpoteza hivyo, kwenye mzizi, kwa fundo nililolifunga nikiwa na haraka na kuliona kwamba ni baya na kujiambia litashika. Nakumbuka lile fundo kuliko ninavyokumbuka majibu ya mtihani wa kidato cha nne. Yeye atarudi mvunguni, ndiyo nyumba yake. Usimvute juu, mvute kando, upande usio na mizizi, na wewe teremka haraka uwe chini yake ili apigane na wewe pamoja na maji.

Ukitaka kumla, mwue upesi na umle leo. Nakubali, ni mtamu, na ngozi yake ikikauka kwenye makaa haina mfano. Lakini hawa wa sentimita 40 na kuendelea, kwenye mto wa upana huu, mimi nawarudisha. Lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamtoa ute. Asitoke majini zaidi ya muda ambao wewe mwenyewe unaweza kuzuia pumzi. Mshike kichwa kikiwa kimeelekea maji yanakotoka mpaka aondoke mwenyewe. Kipimajoto kikisema 20, hata usianze, maana utamrudisha akafie mvunguni na hutajua. Na mkiona kokoto zimesafishwa umbo la sahani, hapo mama ametaga, zungukeni mbali.

Akiondoka mkubwa kwenye mvungu, iwe kwa sufuria au kwa fisi maji, kiti hakikai wazi. Baada ya siku chache anaingia anayemfuatia kwa ukubwa. Kwa hiyo mahali ukishapajua umepajua maisha yako yote, na ndiyo maana huyo mzee hakuniambia habari ya mkuyu mpaka nilipomaliza miaka miwili nikimbebea chai.

Sasa ni saa tatu na nusu. Nimetumbukiza kipimajoto tulipofika, nyuzi 14, na rangi mnaiona wenyewe, strungi. Tutagawana wawili wawili kutoka darajani kushuka, kila jozi na kilindi chake, na hakuna kutembea juu ya ukingo. Yule wa mkuyu yupo, nilimwona Jumanne. Atakayekwenda kwake ni huyu mama aliyeketi nyuma kabisa, kwa sababu tuliposhuka kutoka kwenye magari ndiye peke yake niliyemwona akivua viatu.